Turudishiwe Roshani ya Kupungia Ndege

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wangu, hamjambo? Nawashukuru wenyeji wetu kwa kunikaribisha jioni hii. Niliombwa nizungumzie viwanja vya ndege, huduma zake na desturi za watu wa anga, kwa ajili ya wasafiri wanaopenda kujua mambo. Nitafanya hivyo. Lakini nina ombi nililolibeba kwa miaka mingi, na nalitanguliza ili hata atakayelazimika kuondoka mapema awe amelisikia. Viwanja vyetu vikubwa, Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, Mombasa na Kilimanjaro, vitenge mahali ambapo mtu asiye na tiketi anaweza kusimama akazitazama ndege. Naomba roshani yenye kivuli, mabenchi na bomba la maji. Mengine yote nitakayosema leo yanaelekea huko.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitishia kwenye kaunta ya kupokea abiria. Mtu ukikaa pale unajifunza jambo moja haraka: kwetu sisi tiketi ni ya mtu mmoja, lakini safari ni ya ukoo. Binti anakwenda kusoma Uturuki. Coaster imekodiwa kutoka Mbagala. Shangazi yumo, mama mkubwa yumo, watoto wamevaa nguo za Idi, na bibi kaletwa ingawa magoti yamemkataa. Binti anaingia ndani, begi linapanda kwenye mizani, mizani inasoma kilo 27 na anaruhusiwa kilo 23. Anarudi nje na begi lake. Hapo hapo kwenye lami ya kushushia abiria kinaitishwa kikao. Zipu inafunguliwa, unga wa sembe unatoka, dagaa wanatetewa na shangazi mpaka wanabaki, vitenge viwili vinahamia kwenye begi la mkononi, na sabuni za kufulia anapewa dereva wa Coaster. Binti anakumbatiwa upya, kana kwamba hakuwa ameagwa dakika kumi zilizopita. Kisha anapita mlangoni na haonekani tena.

Sasa angalieni kinachofuata, maana ndicho kilichonifanya niwe msemaji wa jambo hili. Mama anamwendea askari wa mlangoni anamuuliza, "Mwanangu, ndege yao ni ipi?" Askari anatamani kumsaidia, lakini hana pa kumwonyesha. Pale waliposimama haionekani ndege hata moja. Kuna ukuta, kuna maegesho ya magari, kuna mabango ya kampuni za simu. Basi wanarudi kwenye Coaster, wanakaa humo milango ikiwa wazi, na kila injini inaponguruma juu mtu anasema, "Labda ni hiyo." Nimewaona watu wakipungia ndege ya mizigo. Nimewaona wakipungia ndege inayokwenda Mwanza, wakati mtoto wao bado amekaa langoni anasubiri kuitwa.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo, ndugu zangu. Mwaka 1937 shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilianza kuleta huku ndege za kutua majini. Zilitoka Southampton, zikafuata mto Nile, zikatua ziwani Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, na kuendelea hadi Durban. Ndege ilikuwa inatua ndani ya bandari, palepale panapopita majahazi. Abiria walikuwa wachache na matajiri, lakini mtazamaji alikuwa yeyote aliyekuwa ufukoni, awe mvuvi, mpagazi au mtoto wa madrasa. Bandari haizungushiwi ukuta. Kwa hiyo mwambao wa Waswahili uliijua ndege kwa macho kabla haujaijua kwa tiketi.

Baadaye viwanja vikahamia nchi kavu. Embakasi, ambacho leo tunakiita Jomo Kenyatta, kilifunguliwa mwaka 1958, na sehemu kubwa ya kazi ya kukijenga ilifanywa na mahabusu wa vita vya Mau Mau waliotumikishwa kwa nguvu. Naomba hilo lisipitwe haraka. Watu waliobeba mawe ya njia ile ya kurukia hawakuwa na tumaini la kuitumia. Uhuru ulipokuja, wana wao walikwenda Embakasi wakiwa huru, na wengi wao hawakwenda kusafiri bali kutazama. Wakenya wa umri wangu wataikumbuka roshani ya kupungia mkono. Jumapili baba alivaa suti, watoto wakapakwa mafuta, familia ikaenda Embakasi kuangalia ndege za East African Airways zikiruka. Ndege hizo zilikuwa zetu sote, za Kenya, Uganda na Tanzania. Tulikuwa na ndege ya jeti aina ya Comet mwaka 1960, wakati mataifa mengi makubwa kuliko sisi hayakuwa nayo, na mwaka 1966 ikaja Super VC10, yenye injini nne zote nyuma mkiani.

Hiyo VC10 inastahili neno la ziada. Waliibuni wakifikiria viwanja kama cha Nairobi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi. Bawa linahitaji hewa ya kuliegemea na injini inahitaji hewa ya kuvuta. Hewa ikiwa nyepesi, ndege inabidi ikimbie mbali zaidi ndipo inyanyuke, au ipunguze mzigo. Ndiyo sababu njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, wakati Dar es Salaam, tuliopo usawa wa bahari, kilomita 3 zinatutosha. Na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya ndege ya masafa marefu inayotoka Nairobi inufaike ikiondoka usiku, hewa ikiwa imepoa. Mtu aliyesimama roshani adhuhuri na usiku angeweza kuona tofauti hiyo kwa macho yake, bila kufundishwa fizikia.

East African Airways ilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka huohuo zikazaliwa Kenya Airways na Air Tanzania, hii ya kwetu yenye twiga mkiani. Mwaka 1984 Dar es Salaam ikapata jengo la pili la abiria, lililobuniwa na Mfaransa Paul Andreu, yule aliyebuni jengo la kwanza la uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle huko Paris. Tarehe 1 Agosti 2019 likazinduliwa jengo la tatu, lenye uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Ni jengo zuri, refu, lenye mwanga, na mimi ni miongoni mwa wanaojivunia. Lakini kadiri majengo yalivyokua, msindikizaji alisogezwa nje zaidi. Sasa yuko kwenye lami ya kushushia abiria, na gari lake linahesabiwa dakika.

Mtu asije akasema watu wetu hawana hamu. Julai 2018 Air Tanzania ilipopokea Dreamliner yake ya kwanza, magari ya zimamoto yaliimwagia maji kwa upinde kutoka pande zote mbili, kama ilivyo desturi ya viwanja vya ndege duniani kwa ndege mpya au rubani anayestaafu, na wananchi walikuja kushuhudia kama wanaokuja kumpokea bwana harusi. Desemba ya mwaka huo ikaja Airbus A220-300, na Air Tanzania ikawa ya kwanza Afrika nzima kuirusha. Wapo watoto wa Ukonga na Kipawa wanaoitambua kwa sauti ya injini yake kabla hawajaiona. Hamu hiyo ipo, na hatuipi mahali pa kukaa.

Sasa niwaambie mtu angeona nini kutoka kwenye roshani hiyo, maana wapo wanaodhani ndege ukishaiona moja umeziona zote.

Kwanza angeuona upepo. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo, kwa sababu upepo wa mbele huliongezea bawa nguvu. Nani duniani anastahili kulielewa jambo hili haraka kuliko sisi, wajukuu wa watu waliosafiri kwa kaskazi na kurudi kwa kusi? Nendeni Zanzibar. Njia ya kurukia ya pale imelala kaskazini kwa kusini. Upande mmoja imeandikwa 36, upande wa pili 18. Namba hizo ni nyuzi za dira zilizopunguzwa sifuri: 36 ni nyuzi 360, yaani unaelekea kaskazini, na 18 ni nyuzi 180, unaelekea kusini. Basi miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, ndege kwa kawaida huruka zikielekea kaskazini. Kusi likishika, zinageuka. Hushuka kutoka upande wa mjini na kuruka zikielekea Chukwani na Fumba. Nahodha wa jahazi akiziangalia siku mbili tatu atakuambia ni msimu gani bila kutazama kalenda. Dar es Salaam namba ni 05 na 23, Nairobi 06 na 24. Ukilijua hili, siku utakayokaa dirishani ukaiona namba nyeupe imepakwa kwenye lami, utajua pua ya ndege yako inaelekea wapi.

Pili angeona kazi. Vijana wengi wakisema wanataka kufanya kazi uwanja wa ndege, wanafikiria rubani na mhudumu wa ndani ya ndege, basi. Ni kwa sababu hao ndio wanaopita na mabegi yao ya magurudumu mbele ya watu. Kutoka juu ungewaona wengine wote. Ndege inaingia maegeshoni, mtu aliyevaa fulana ya kuakisi mwanga anaiongoza kwa vijiti viwili, hatua kwa hatua, mpaka gurudumu la mbele linakaa juu ya mstari. Magurudumu yanawekewa vizuizi. Waya mnene wa umeme unachomekwa. Gari la mafuta linasogea, na mafuta yanakaguliwa yasije yakawa na maji. Rubani mmoja anashuka anaizunguka ndege yake kwa miguu, anainama chini ya bawa, anaangalia tairi, anamulika tochi kwenye tundu la injini. Analifanya hilo kabla ya kila safari, hata kama ndege ameikuta imetoka kukaguliwa na fundi. Hiyo ndiyo tabia ya watu wa anga ninayoipenda kuliko zote. Hakuna anayeona aibu kuangalia tena kilichokwisha kuangaliwa. Orodha inasomwa kwa sauti, mwenzake anajibu kwa sauti, na nahodha mwenye miaka thelathini kazini anasoma orodha ileile anayosoma kijana aliyeanza mwaka jana.

Halafu kuna tendo moja dogo ambalo abiria karibu wote hulikosa. Trekta limeisukuma ndege kinyumenyume, injini zimewaka, trekta limeondoka. Fundi wa chini alikuwa anaongea na rubani kwa waya uliochomekwa karibu na gurudumu la mbele. Anauchomoa. Anachomoa pia pini ya chuma ambayo wakati wa kusukuma ililifungua gurudumu lisishindane na usukani wa rubani. Pini hiyo ina utepe mrefu mwekundu. Fundi anatembea pembeni mpaka mahali rubani anapoweza kumwona, anasimama wima, anainua pini juu utepe ukipepea, ili nahodha aone kwa macho yake kwamba imetoka. Kisha anapunga mkono. Na kule juu kwenye kioo, nahodha anapunga. Hapo ndipo ndege inapoanza kwenda kwa nguvu zake yenyewe. Kumbe kupungiana mkono kumo ndani ya utaratibu wa kazi yao, na sisi tumewanyima mama na bibi nafasi ya kufanya hivyo hivyo.

Tatu, roshani ingekuwa darasa la usalama, na hapa naomba utulivu kidogo. Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikaangukia baharini Komoro, karibu kabisa na ufuko wenye watu. Watu 50 tu waliokoka kati ya 175 waliokuwamo. Abiria wengi walikuwa wamezijaza hewa jaketi za kuokolea wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, jaketi ziliwabana juu kwenye dari, wakashindwa kuzama kidogo ili watokee mlangoni. Mhudumu husema kila safari: vaa jaketi, lakini usilijaze mpaka uko mlangoni unatoka. Husemwa kwa Kiingereza, mara nyingine kwa Kiswahili cha haraka, kwa mtu aliyepanda ndege mara ya kwanza na roho iko juu. Ningependa mtoto wa darasa la tano awe amelishika jaketi hilo mkononi, akalivaa, akaambiwa sababu, siku shule yake ilipokwenda kutembelea uwanja wa ndege.

Nije sasa kwenye huduma za abiria mwenyewe, nisionekane nimemsahau aliyenunua tiketi.

Duka lisilotozwa ushuru, ambalo leo limetandazwa njiani kiasi kwamba huwezi kulikwepa, lilianza mwaka 1947 Shannon, Ireland. Ndege za wakati huo zinazovuka Atlantiki zilikuwa hazifiki bila kujaza mafuta, na Shannon ndipo zilipotua. Abiria walikuwa wanasubiri hawana la kufanya, nao walikuwa wameshatoka kisheria kwenye nchi moja bila kuingia nyingine. Bwana Brendan O'Regan akawafungulia duka. Tangu hapo viwanja vya ndege vikagundua kwamba mtu anayesubiri ni mteja, na mashindano yakaanza. Changi, Singapore, wana maporomoko ya maji ndani ya jengo yenye urefu wa mita 40, bustani ya vipepeo na ukumbi wa sinema wa bure. Doha wamesimamisha sanamu ya dubu wa njano yenye urefu wa mita 7, na tangu 2022 wana bustani yenye miti mikubwa chini ya paa la kioo. Nimeyaona mengine na mengine nimesimuliwa, na siyabezi. Mtu aliyechoka akiona mti anapata nafuu.

Lakini viwanja vya ndege mimi navipima kwa abiria mwingine. Navipima kwa dada anayekwenda kufanya kazi za ndani Muscat, ambaye fedha yote aliyonayo ameifunga kwenye pindo la kanga. Navipima kwa mwanafunzi anayesubiri ndege ya pili kwa saa tisa. Navipima kwa hujaji mzee. Hao hawali mkahawani. Wanahitaji maji ya kunywa yasiyouzwa, benchi lisilokatwa na vyuma vya kuegemeza mikono ili mtu aweze kunyoosha mgongo, soketi ya chaja inayofanya kazi, chumba cha kusalia chenye mahali pa kutawadha, mahali pa kunyonyeshea mtoto, na tangazo analolielewa. Mama anayetawadha kwenye sinki la choo cha umma, mguu mmoja juu, watu wanamkodolea macho, huyo amekosewa na mchoraji wa jengo. Uwanja wenye bomba la maji na sehemu ya udhu, kwangu mimi, umeupita uwanja wenye maporomoko na hauna hayo.

Kwa hiyo msafiri, ujue cha kuuliza, maana mengi yapo na hayatangazwi. Sheria ya kutopitisha majimaji zaidi ya mililita 100 ilikuja mwaka 2006, baada ya njama ya kulipua ndege iliyogunduliwa London, lakini inahusu majimaji; chupa tupu haikatazwi. Beba chupa tupu, ijaze ukishapita ukaguzi. Doha kuna vyumba vya utulivu vya kupumzikia bila malipo; fuata vibao, usilale sakafuni karibu na lango. Singapore na Istanbul huwatembeza mjini bure baadhi ya abiria wanaounganisha ndege wenye saa za kutosha, ukitimiza masharti yao ya viza na tiketi. Wanaorudi kutoka Hijja, zamzam huja kwenye boksi lake maalumu la lita 5. Msiweke chupa za zamzam ndani ya mabegi ya nguo, zitatolewa.

Na begi likipotea? Hili nitalisema mara moja tu, lishikeni. Usitoke nje ya ukumbi wa mizigo. Nenda kaunta ya mizigo, jaza taarifa, upewe karatasi yenye namba ya kumbukumbu, na kile kipande cha karatasi walichokubandikia nyuma ya pasi ya kupandia wakati wa kuondoka usikipoteze hata kama umechoka. Tanzania na Kenya zote zimeuridhia Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu haki za abiria na mizigo yao kwenye safari za ndege za kimataifa. Begi likiharibika una siku 7 tangu ulipolipokea kulalamika kwa maandishi. Likichelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Nimewaona watu wazima wakitoka na begi lililopasuliwa wakisema "Mungu atalipa", wakati aliyepaswa kulipa alikuwa nyuma ya kioo mita chache.

Turudi kwenye ombi langu.

Najua nitajibiwa nini, kwa sababu nimeshajibiwa. Nitaambiwa usalama. Nalichukua jibu hilo kwa heshima zote. Nimefanya kazi miaka ambayo utekaji nyara ulikuwa habari za kila mara, na nilikuwepo sheria zilipokazwa baada ya Septemba 2001. Eneo letu lenyewe limeumizwa: tuliona ndege iliyotekwa nyara ikiletwa Entebbe 1976, na tunajua milipuko ya mabomu ya Agosti 1998 Nairobi na Dar es Salaam. Simwambii mtu afungue geti. Nasema tuangalie waliokuwa na hofu hiyohiyo wakapata njia. Haneda, Tokyo, majengo yake yana roshani za kutazamia, bure, watu huja na watoto usiku kuangalia taa. Zurich wanakutoza kiingilio kidogo, wanakukagua kama abiria, kisha unapanda juu. Munich wametengeneza kilima nje ya uzio, na chini yake wameweka ndege za zamani ambazo watoto wanaziangalia kwa karibu. Manchester wana bustani kando ya njia ya kurukia, na Concorde nzima, ile ndege ya abiria iliyokuwa na kasi kuliko sauti, imo ndani yake. Hawa wote wanajua hatari, na wengine wana ndege nyingi kwa siku kuliko sisi.

Tena usalama unapata faida. Mtu aliyezoea kuuangalia uwanja, siku kitu kikiwa si cha kawaida yeye ndiye huona kwanza. Kwa sasa kijana akisimama kando ya uzio na simu yake kupiga picha ndege inayotua, anafukuzwa, pengine anapelekwa kituoni. Namshauri kila siku aombe ruhusa kwanza, na namshauri hivyo kwa dhati. Lakini aombe wapi, kwa nani, na picha akaipigie wapi? Tukimpa mahali, tumempunguzia askari kazi na tumempata mlinzi wa bure.

Tusisahau vilevile waliotupisha. Wakazi wa Kipawa na Kigilagila walihamishwa ili uwanja wa Dar es Salaam upanuke. Makaburi, misikiti, vibanda vya biashara, vyote vilihama. Watu hao na watoto wao wanasikia kila ndege inayoruka. Kuwapa benchi na kivuli wakaone walichokipisha si hisani kubwa.

Gharama yenyewe si ya kutisha. Sidai maporomoko. Nadai paa la bati lisilokusanya joto, liwe nje ya uzio mahali karibu na mwanzo wa njia ya kurukia, au juu ya jengo kuukuu ambalo limebaki na nafasi. Mlango wa ukaguzi mmoja. Njia ya kiti cha magurudumu. Bango la Kiswahili linaloonyesha dira, namba za njia, na upepo wa kaskazi na kusi. Ubao wa ndege zinazoondoka, ule ule ulioko ndani, ili mama ajue ndege ya mwanawe imeshasukumwa. Vyoo safi. Mama lishe mmoja au wawili wenye leseni, chai na maandazi kwa bei ya mtaani, maana tukimweka muuzaji wa bei za ndani ya jengo, roshani itakuwa ya watu walewale wenye tiketi. Jumamosi asubuhi iwe ya shule, na kila wiki atoke mtu mmoja wa kazini aeleze anachokifanya: wiki hii fundi, wiki ijayo mwongoza ndege kutoka mnarani, inayofuata mtu wa zimamoto, inayofuata yule anayefukuza ndege wa porini wasiingie kwenye injini. Wastaafu tupo wengi, wengine tutakuja bila malipo. Mimi wa kwanza.

Ningependa Zanzibar waanze, kwa sababu ya ule upepo na kwa sababu uwanja uko karibu na watu. Dar es Salaam wafuate kwenye jengo la zamani. Nairobi wanajua njia, walishawahi kuwa nayo.

Naona hapa ukumbini wamo ndugu zetu kutoka mamlaka za viwanja na za usafiri wa anga. Nimefurahi mmekuja, na nimejitahidi kusema bila kuwasema. Mwenyekiti, kama utaratibu unaruhusu, ningeomba maswali yaanze kwao, na swali langu kwao ni fupi: ni ofisi gani hasa tuipelekee barua, na nani ataijibu?